Aliyeujua Moyo Kuliko Wapenzi Wote

UKISIKIA neno moyo, wewe kijana wa mjini, unafikiria nini? Sio siri, unafikiria mapenzi. Moyo umetekwa, moyo umevunjwa, moyo kapewa mtu asiyejua kutunza. Kwenye taarab moyo hauna mapumziko, kwenye dansi ndiyo usiseme. Enzi za barua mabinti waliuchora juu ya bahasha na kuutoboa kwa mshale, siku hizi unatumwa kwa simu, mwekundu, hata kumi kwa mpigo.

Hebu nikuulize swali moja la kiungwana. Huo moyo unaougawa kila mara kwa watu, unajua unafanya kazi gani humo kifuani?

Kama umejibu kwamba unasukuma damu, chukua nusu ya maksi. Nusu iliyobaki ni hii: moyo una upande wa kulia na upande wa kushoto, na katikati kuna ukuta. Damu inatoka kulia kwenda kushoto kwa njia gani?

Umekuna kichwa? Usione haya. Swali hilo liliwapiga chenga waganga wakubwa wa dunia kwa zaidi ya miaka 1,000. Aliyelijibu sawasawa alikuwa kijana kutoka Syria, hata miaka 30 alikuwa hajaifikisha. Na jambo la kushangaza si kwamba alilijibu. Jambo la kushangaza ni kwamba dunia ilikaa karibu miaka 700 bila kumshukuru.

WAZEE WALISEMAJE?

Twende taratibu. Katika karne ya pili aliishi mganga Mgiriki aitwaye Galen, mzaliwa wa Pergamon, mji ambao leo uko Uturuki. Waarabu walimwita Jalinus. Huyu bwana alikuwa kichwa kweli kweli. Alipasua nyani na nguruwe, akaandika vitabu lukuki, na neno lake likawa kama sheria.

Galen alisema damu inatengenezwa kwenye ini kutokana na chakula, kisha sehemu yake inaingia upande wa kulia wa moyo. Pale, alisema, ukuta wa katikati una vitundu vidogo visivyoonekana. Damu inachuruzika kupitia vitundu hivyo hadi kushoto, inakutana na hewa kutoka mapafuni, mambo yanakuwa safi.

Miaka mingi baadaye akaja Ibn Sina, mzaliwa wa maeneo ya Bukhara, aliyefariki mwaka 1037. Kitabu chake cha tiba, al-Qanun, ndicho kilikuwa mfalme wa vitabu vya udaktari. Kilisomwa Baghdad, kikasomwa Cairo, kikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa vyuo vikuu vya Ulaya mpaka miaka ya 1600. Ibn Sina alimsahihisha Galen mahali kadha wa kadha, lakini kwenye habari ya damu kupita katikati ya moyo alikwenda naye sambamba.

Sasa fikiria mwenyewe. Galen amesema. Ibn Sina amesema. Wewe mwanafunzi wa mwaka gani utakayesimama darasani na kusema wazee wamekosea?

KIJANA WA DAMASCUS

Alisimama. Jina lake Ala al-Din Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus takriban mwaka 1213. Alisomea udaktari katika hospitali ya Nuri mjini humo, iliyojengwa mwaka 1154 na mtawala Nur al-Din. Usidhani ilikuwa kibanda cha kuuzia mizizi. Wagonjwa walilazwa na kutibiwa bure, na wanafunzi walifundishwa papo hapo kando ya vitanda. Jengo lake bado lipo na limefanywa makumbusho ya tiba na sayansi.

Mwalimu wao mkuu alikuwa tabibu mashuhuri aliyejulikana kwa jina la al-Dakhwar. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo kijana mwingine, Ibn Abi Usaybi'a, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima cha maisha ya waganga mashuhuri. Humo kuna waganga zaidi ya 380. Lakini katika nakala nyingi za kitabu hicho, jina la Ibn al-Nafis halimo kabisa! Walisoma kwa mwalimu mmoja, halafu jamaa anamruka kama haonekani. Kulikuwa na fitina baina yao? Wanahistoria wanakisia hivi na vile, nasi tuwaachie wenyewe. Kila kijiwe kina mambo yake.

Karibu mwaka 1236 Ibn al-Nafis alihamia Cairo, Misri. Huko ndiko nyota yake ilikong'ara.

HAPO HAPANA TUNDU

Mwaka 1242 alimaliza kitabu cha kufafanua yale aliyoandika Ibn Sina kuhusu maumbile ya mwili. Ufafanuzi ni kazi ya adabu: unachukua maneno ya mkubwa, unayaeleza kwa wadogo. Wengi wangeishia hapo, wakasifu na kupamba.

Ibn al-Nafis alipofika kwenye moyo akaweka kalamu sawa. Akaandika kwamba ukuta wa katikati ya moyo ni mnene, umeziba, hauna tundu la kuonekana wala lisiloonekana. Damu haiwezi kupita pale. Kwa hiyo, akasema, lazima inapita njia nyingine: inatoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa, inakwenda mapafuni, inasambaa na kuchanganyika na hewa, kisha inarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto.

Soma tena hapo. Ndicho hicho hicho anachofundishwa mwanafunzi wa sekondari leo kwenye somo la bailojia. Damu inakwenda mapafuni kuchukua oksijeni na kuacha hewa chafu, halafu inarudi kusukumwa mwili mzima.

Hakuishia hapo. Alisema kati ya ile mishipa miwili ya mapafu kuna njia ndogo za kupitisha damu. Njia hizo zilikuja kuonekana kwa macho mwaka 1661, wakati Mwitalia Marcello Malpighi alipochungulia mapafu ya chura kwa hadubini. Leo tunaziita kapilari.

Tena akasema Ibn Sina amekosea kudhani moyo unalishwa na damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Moyo, alisema, unalishwa na mishipa inayopita katika nyama ya moyo wenyewe. Mishipa hiyo ikiziba, ndipo tunasikia fulani kaanguka ghafla kwa shambulio la moyo. Kwa hiyo hii habari si ya vitabuni tu, inamhusu kila mwenye baba au mjomba anayelalamika kifua kinambana.

ALIPASUA MAITI?

Swali zuri. Mwenyewe aliandika kuwa sheria ya dini na huruma aliyokuwa nayo vilimzuia kufanya kazi ya kupasua. Hata hivyo, akizungumzia ukuta wa moyo anasema upasuaji unawakanusha waliotangulia. Je, alipasua wanyama? Alikaa chini akapiga hesabu kwa akili tu? Wataalamu bado wanavutana. Kinachoonekana wazi ni kwamba hakukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu mwenye jina.

Na tusimpambe kupita kiasi. Hakueleza mzunguko wa damu wa mwili mzima. Kazi hiyo aliifanya Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Ibn al-Nafis pia alibaki na imani ya zamani kuwa roho inayoupa mwili uhai inatengenezwa moyoni. Alikuwa mtu wa zama zake. Ila kwenye ule ukuta, aliona ambacho wengine wote hawakukiona.

MTU WA WATU, MTU WA KALAMU

Udaktari haukuwa fani yake pekee. Alifundisha pia sheria ya dini kwa madhehebu ya Shafi, yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Asubuhi mgonjwa, jioni wanafunzi wa sheria, usiku kalamu.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kisa kimoja kitamu. Siku moja alikuwa hamamu, anaoga. Katikati ya kuoga wazo likamjia. Akatoka pale ukumbini, akaagiza wino na karatasi, akaandika makala kuhusu mapigo ya mshipa hadi ikaisha, ndipo akarudi kumalizia kuoga. Sisi wazo likitujia bafuni tunaimba tu, basi.

Alianza kuandika kamusi kubwa ya tiba, akipanga ifike juzuu 300. Aliwahi kunakili safi 80. Inasimuliwa pia alijigamba kwamba asingejua vitabu vyake vitadumu miaka 10,000, asingevitunga. Maneno makubwa hayo. Subiri uone.

Alipokuwa mzee, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284. Inasemwa Sultani huyo, kabla hajatawala, aliwahi kuugua na kutibiwa kwa dawa za ile hospitali ya Nuri kule Damascus, akaweka nadhiri kwamba akipata utawala atajenga ya kwake. Akaipata, akaijenga. Ilipokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake, wenyeji na wageni.

Ibn al-Nafis alifariki mjini Cairo mwezi Desemba mwaka 1288. Wanasimulia kuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, waganga wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, akasema hataki kukutana na Mola wake akiwa na mvinyo tumboni. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ile ya Qalawun.

KITABU KIKALALA USINGIZI

Baada ya hapo, kimya. Vitabu vyake vingine vilisomwa, ule muhtasari wake wa tiba hata ukapendwa sana. Lakini ukurasa ule wa moyo haukuwashtua watu. Waliendelea kufundisha vitundu vya Galen kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Huko Ulaya, mwaka 1553, Mhispania Michael Servetus aliandika kwamba damu inapita mapafuni. Aliyaandika hayo ndani ya kitabu cha dini, na mwaka huo huo alichomwa moto akiwa hai mjini Geneva. Usichanganye: kosa alilohukumiwa nalo lilikuwa la mafundisho yake ya dini, si la damu. Kitabu chake kilichomwa pia, zikabaki nakala 3 tu zinazojulikana. Mwaka 1559 Mwitalia Realdo Colombo akachapisha jambo hilo hilo. Je, walipata fununu kutoka kwa Ibn al-Nafis? Baadhi ya kazi zake zilifika Italia kwa tafsiri ya Kilatini, lakini kama habari ya moyo iliwafikia, hapo wanahistoria wanabishana mpaka leo. Sifa zikaenda Ulaya.

KIJANA WA PILI

Sasa ndipo anaingia shujaa wetu wa pili, naye kijana. Mwaka 1924, Mmisri aitwaye Muhyi al-Din al-Tatawi alikuwa Ujerumani akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Freiburg. Katika kutafuta habari za tasnifu yake alikutana na nakala ya mkono ya Kiarabu iliyotunzwa katika maktaba ya serikali mjini Berlin. Nakala ile ilikuwepo rafuni. Kilichokosekana ni mtu wa kuifungua na kuielewa.

Al-Tatawi aliisoma, akafika kwenye moyo, akashtuka. Maneno ya mwaka 1242! Akaandika tasnifu yake kueleza kwamba Ibn al-Nafis aliwatangulia wote. Tasnifu yenyewe haikuchapwa kama kitabu. Ni daktari wa macho Mjerumani aliyeishi Cairo, Max Meyerhof, aliyeisoma, akaenda kuhakiki nakala, na katika miaka ya 1930 akaitangazia dunia.

Hebu piga hesabu: kutoka 1242 hadi 1924 ni miaka 682. Ukweli ulikaa rafuni umejikunyata, na hapo katikati watu wakafundishwa uongo wa vitundu, wakafanya mitihani na kufaulu.

SASA SISI JE?

Ndugu yangu, sikukuhadithia haya ili tupige kifua kwamba fulani alimtangulia fulani. Hapo vijiweni tunapenda sana ubishi huo wa nani alikuwa wa kwanza. Mimi kinachonigusa ni vijana wale wawili. Wa kwanza alimheshimu mwalimu wake kiasi cha kumwandikia kitabu kizima cha kumfafanua, na bado alipoona kosa hakumficha. Wa pili alikuwa ugenini, peke yake maktaba, akafungua ukurasa ambao wenye maktaba hawakuwa na habari nao.

Wa kwanza asingetosha bila wa pili. Kujua peke yake hakutoshi, lazima atokee wa kusoma. Huenda nyumbani kwa babu yako kuna sanduku la karatasi za zamani zilizoandikwa kwa khati usiyoisoma, na panya wanaendelea na kazi yao. Nani ajuaye mna nini?

Haya, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, chini kidogo ya dole gumba. Umesikia? Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila tone linalopita hapo limeshapitia mapafuni kwanza, kama alivyosema kijana wa Damascus.

Kwa hiyo safari nyingine ukimwambia mpenzi wako kwamba moyo wako wote ni wake, ongeza na mapafu. Bila hayo moyo hauna la kumpa.