Gharama ya Droni Iangukapo

Ndugu Wanachama,

Wenzetu kadhaa wameuliza kwa nini Chama hakinunui droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, ya kupigia picha makonde yetu ya mikarafuu. Swali ni zuri, na jawabu lake limo katika matengenezo.

Ndugu yangu aliyeko Kagondo, mkoani Kagera, anayo droni ya rafadha nne, apigia picha za arusi. Siku moja iligusa jani la mgomba ikaanguka. Rafadha mbili zilivunjika, akazibadili mwenyewe kwa fedha kidogo. Lakini picha zikawa zatetemeka. Fundi akaona kining'inio cha kamera kimepinda. Hapo ndipo penye udhaifu: kamera hushikwa na vimota vitatu vidogo, viiwekavyo sawa chombo kiyumbapo, na picha hupita katika ukanda mwembamba mfano wa karatasi. Ukanda ukichanika, picha hazipatikani. Kifaa kiliagizwa ng'ambo, na pamoja na nauli na ushuru alilipa karibu nusu ya bei ya droni nzima.

Hapa Zanzibar uko mfano mwengine. Mwaka 2016 ilianza kazi ya kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzirusha. Zilikuwa za mabawa, aina ya eBee, mwili wa povu, uzito kiasi cha gramu 700. Kamera imo ndani ya mwili, haining'inii. Rafadha iko nyuma, nayo hutua kwa tumbo. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini povu likipasuka kidogo huungwa kwa gundi.

Basi mwenye droni na akumbuke haya. Atazame rafadha kabla ya kila safari; yenye ufa aitupe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri iliyovimba au kubonyea asiitumie tena, yaweza kuwaka moto. Asirushe chini ya matawi. Tena awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kwa hayo, rai yangu kwa mkutano ujao ni kukodi mrushaji mwenye chombo chake, na iandikwe katika mapatano kuwa kikianguka, gharama ni yake. Fedha ya Chama ni jasho la wachumaji.

Wasalaam,
Katibu