Kebo ya laptopu na TV: Kagua tundu kabla hujatoa pesa

SKRINI ya laptopu yako ikipasuka saa saba mchana na kuna kazi inatakiwa saa nne usiku, utafanyaje?

Usicheke, mimi yalinikuta. Niko kwa keja yangu Kayole, laptopu (au kipakatalishi, kama alivyosisitiza mwalimu wako wa Kiswahili) iko kitandani. Nikaamka kupunguza moto wa jiko, na niliporudi nikakalia kona ya kifuniko. Krrr! Nusu ya skrini ikawa nyeusi tititi, nusu nyingine ikabaki na mistari ya rangi.

Hii si laptopu ya kutazama sinema tu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na tangu siku hiyo mashine hii ndiyo ofisi yangu. Nasikiliza rekodi za watu mtandaoni na kuziandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika. Ukichelewesha kazi, akaunti yako inapunguziwa alama. Alama zikiisha, umefungiwa nje. Na landilodi hajali habari za skrini.

Fundi niliyempigia simu alitaka elfu saba kubadilisha kioo. Sikuwa nazo. Lakini ukutani palikuwa na runinga ya inchi 32 niliyouziwa na jirani aliyekuwa akihama. Nikawaza: mashine yenyewe haijafa, kilichokufa ni kioo. Picha ikipata mahali pengine pa kutokea, kazi inaendelea.

Kilichobaki ni kebo. Hapo ndipo nilipopoteza nusu ya mchana.

Kosa langu, usilirudie

Nilidandia matatu hadi Luthuli Avenue, nikaingia duka la kwanza nililoona. "Boss, nipe kebo ya kuunganisha laptopu na TV." Ona hilo kosa. Sikusema ni ya tundu gani, na muuzaji naye hakuuliza. Akanipa waya wenye vichwa vya USB pande zote mbili. "Hii inaingia TV zote, mkubwa." Nikalipa 250.

Kufika nyumbani, waya uliingia kweli. Runinga ikanyamaza tu. Kumbe tundu la USB la runinga limewekwa kusoma flashi: linatafuta mafaili ya video na nyimbo, halipokei picha kutoka kwenye laptopu. Isitoshe, waya wa aina hiyo unakutanisha mashine mbili ambazo zote zinatoa umeme kupitia tundu hilo, na unaweza kuharibu mojawapo. Kwa hivyo kichwa kuingia si hoja. Hoja ni kama tundu hilo linatoa au kupokea picha.

Mwaka mmoja na nusu wa kusomea IT haukunifundisha hilo. Aliyenifundisha ni Guka, mzee fundi wa redio anayeishi nyumba ya chini kwenye ploti yetu. Nilipomwonyesha ule waya hakuutazama mara mbili.

"Kijana wangu, umenunua waya kabla ya kuangalia mashimo. Hebu geuza hiyo TV."

"Sawa, Guka."

Akamulika nyuma ya runinga kwa tochi ya simu, kisha ubavuni mwa laptopu. "Hili na hili ni ndugu. Piga picha, uende nayo dukani."

Ushauri wote ni huo: piga picha ya matundu ya pande zote mbili kabla hujatoka nyumbani. Sasa tuyajue kwa sura.

HDMI

Ni tundu bapa, na pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Kiwango chake cha kwanza kilitolewa 2002, na uzuri wake ni kwamba waya mmoja unabeba picha na sauti. Kama laptopu na runinga zote zinalo, kebo ya kawaida ya HDMI inatosha. Angalia tu mambo mawili: baadhi ya laptopu nyembamba zina HDMI ndogo inayohitaji kebo yenye kichwa kidogo upande mmoja, na kuna tundu linaloitwa DisplayPort ambalo linafanana na HDMI ila limekatwa pembe moja tu.

VGA

Hili ni pana, mara nyingi la buluu, lina vitundu 15 katika safu tatu na mahali pa skrubu pande zote. Lilitoka kwa IBM mwaka wa 1987 na bado utalikuta kwenye laptopu nyingi za mitumba. Halibebi sauti. Kama runinga pia ina VGA, nunua kebo ya VGA pamoja na waya mwembamba wa sauti unaoingia pale pa kuchomeka earphone. Kama runinga ina HDMI pekee, waya mtupu hautasaidia, kwa sababu VGA inatuma mawimbi ya analogi na HDMI inataka dijitali. Hapo unahitaji kigeuzi, kile kikasha kidogo ambacho kwa kawaida hupata umeme kutoka USB. Mwambie muuzaji waziwazi: "kutoka VGA kwenda HDMI". Kile cha kutoka HDMI kwenda VGA kinafanana nacho, lakini hakiwezi kufanya kazi kinyume.

USB-C

Kale katundu kadogo ka mviringo kwenye laptopu mpya. Si kila kamoja kanatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Ukiona alama ya radi au ya herufi D na P kando yake, hiyo ni dalili nzuri. Usipoiona, tafuta maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta.

Runinga ya zamani yenye mgongo

Ina matundu matatu: njano, nyeupe na nyekundu. Unahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV. Sinema itaonekana, lakini maandishi madogo yatakuwa na ukungu. Kama unataka kufanyia kazi hapo, macho yako yatalia.

Jambo lingine: usitishwe na kebo ya bei ghali yenye vichwa vya rangi ya dhahabu. HDMI ni dijitali. Kwa waya wa mita mbili, ule wa kawaida ukifikisha picha, ule ghali hauongezi urembo. Ubora wa kebo unaanza kuwa na maana waya unapokuwa mrefu sana.

Umechomeka, halafu?

Shika rimoti, bonyeza 'Source' au 'Input', kisha chagua HDMI uliyochomeka. Nambari yake imeandikwa kando ya tundu. Kwenye laptopu ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. 'Duplicate' inaonyesha kitu kimoja pande zote mbili. 'Extend' inafanya runinga kuwa nafasi ya ziada, ndiyo maana wengi huona picha tupu bila mafaili na kudhani wameharibu kitu. 'Second screen only' inatumia runinga peke yake. Mimi nilichagua hiyo, ile nusu ya skrini iliyobaki ikinisaidia kuona menyu.

Sauti ikikataa kuhama, bonyeza alama ya spika pale chini kulia na uchague runinga. Kingo za picha zikikatwa, ingia kwenye menyu ya picha ya runinga utafute 'Just Scan' au 'Screen Fit'. Na kama ulipanga kuchomeka dekoda au PlayStation kwenye HDMI ya laptopu, pole. Kwa karibu laptopu zote, tundu hilo linatoa picha tu, halipokei.

Safari ya pili ya Luthuli nilienda na picha kwenye simu. Kebo ya HDMI, shilingi 350. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeketi juu ya kreti ya soda, laptopu mapajani, shingo imeinuliwa kama mtu anayetazama ndege. Kazi niliituma saa nne kasoro dakika kumi. Guka alikataa pesa, akaomba tu aje kutazama mechi ya Jumamosi kwangu.

Skrini niliibadilisha baada ya miezi miwili. Kebo bado iko ndani ya begi.

Sasa inuka, geuza TV yako, upige picha ya yale matundu. Usingoje hadi ukalie laptopu.