Likasi: Mashini ya wembe aliyoacha baba

Wiki mbili baada ya kilio cha baba kwisha, tulifungua sanduku lake la bati. Tulikuta kadi ya kazi, rozari ya marehemu mama, picha ya kijana aliyenyolewa safi, na kisanduku kidogo chenye mashini yake ya wembe: kichwa, sahani ya chini na kishikio, vipande vitatu vya chuma. Mdogo wangu aliipima kwa kiganja.

"Yaya, hii ni laiton," akasema. "Tuipeleke ku mitraille pamoja na ile robinet."

Hakusema jambo la ajabu. Hapa Likasi, mji wa shaba ulio karibu kilomita 120 kutoka Lubumbashi, kila mtoto anajua kwamba chuma cha zamani kina bei yake. Ukipeleka mashini kama hiyo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wataitupa kwenye mizani, wakulipe uzito wake, na mambo yataishia hapo. Lakini kabla ya kuikubali bei ya mizani, inafaa tujue kitu hicho ni nini, kilitoka wapi, na kama bado kina kazi.

Kwa bahati bado kina kazi, na pengine ni kazi tunayoihitaji leo kuliko wakati wa baba zetu.

Wembe uliobadilisha asubuhi ya wanaume

Zamani mwanaume alinyolewa kwa kisu kirefu cha wembe. Ilibidi kinolewe kila mara, na mkono ukitetemeka, shingo inalipa. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani aitwaye King Camp Gillette alikuwa na wazo la wembe mwembamba, wa bei ndogo, usionolewa: ukiisha makali, unatupwa. Fundi William Nickerson ndiye aliyetafuta namna ya kutengeneza na kunoa chuma chembamba namna hiyo.

Mauzo yalianza mwaka 1903, na mwaka huo ziliuzwa mashini 51 tu. Mwaka uliofuata, 1904, ambao ndio Gillette alipopata hati ya uvumbuzi, ziliuzwa zaidi ya 90,000. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari mwenye ndevu nyingi hakuweza kufunga vizuri kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu, hivyo jeshi la Marekani likaagiza mashini milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Vijana walirudi nyumbani wakiwa na mashini mfukoni na desturi mpya ya kunyoa wenyewe kila asubuhi.

Jina la mfanyabiashara huyo lilienea mpaka likawa jina la kitu chenyewe. Hata kwetu Kongo, mtu anaweza kusema "jileti" akimaanisha wembe wowote, hata kama umetoka kiwanda kingine kabisa.

Jambo la kushangaza ni hili: kipimo cha wembe wenye makali mawili hakikubadilika. Wembe unaouzwa leo sokoni unaingia katika mashini iliyotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni vitu vichache vya nyumbani vinavyoweza kusema hivyo. Simu ya miaka kumi tayari ni takataka.

Shaba na zinki

Mashini nyingi nzuri za zamani zilitengenezwa kwa laiton, kisha zikapakwa nikeli ili zing'ae. Na laiton ni nini? Ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Mtu wa Katanga akisikia hayo, hahitaji kufunguliwa kamusi. Shaba ndiyo iliyojenga mji huu, ulioitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière, kabla ya kupewa jina la Likasi mwaka 1966. Kiwanda cha Shituru kimesafisha shaba tangu mwaka 1929. Zinki nayo ilichimbwa Kipushi, pamoja na shaba, tangu miaka ya 1920. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1993 na kuanza tena kazi mwaka 2024. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997.

Siwezi kusema kwamba mashini ya baba ilitengenezwa kwa shaba ya Shituru. Imeandikwa kwamba ilitengenezwa Uingereza, na shaba ikishayeyushwa haina kitambulisho. Lakini metali hizo mbili zilizomo ndani yake ndizo zilizokuwa zikipanda treni hapa kwetu miaka mingi. Tulipeleka jiwe, wengine wakaturudishia mashini, tukainunua. Sasa tunataka kuiuza tena kwa kilo.

Habari hiyo haihusu wembe peke yake. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa haifikishi hata tani 40,000. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa hiari", uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliwahi kukipa kitabu chake, kilichotoka mwaka 2001, jina la Kifaransa lenye maana ya "Bana Shaba walioachwa na baba yao". Baba huyo ni kampuni. Katika miaka kama hiyo, vitu vingi vya nyumbani viliishia kwenye mizani, maana tumbo halisubiri kumbukumbu.

Kwa nini shingo zetu zinawasha

Sababu ya pili ya kuihifadhi mashini hii iko shingoni mwa wanaume wengi wanaosoma habari hii: vipele vya ndevu.

Nywele za ndevu zetu Waafrika wengi zimejikunja tangu mzizini. Ukizikata chini sana, ncha inabaki kali kama mkuki na, badala ya kutoka nje, inajipinda na kuchoma ngozi, au inakua ndani kwa ndani. Mwili unaiona kama mwiba, ngozi inavimba, inawasha, inaacha alama nyeusi. Madaktari wa ngozi wanaujua ugonjwa huu vizuri, na wanasema unawapata zaidi watu wenye nywele za kujikunja.

Tangu mwaka 1971, viwanda vilianza kuuza mashini zenye nyembe mbili pamoja. Mwaka 1998 zikaja za nyembe tatu, na baadaye zaidi. Kazi yake ni kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele kidogo, wa pili unaukata kabla haujarudi chini. Matokeo yake ni shavu laini sana siku hiyo, na unywele uliokatwa chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hilo si tatizo kubwa. Kwa wengi wetu ni kualika vipele. Wembe mmoja katika mashini ya zamani unakata usawa wa ngozi, hauvuti. Si dawa ya hakika kwa kila mtu, na mwenye vidonda au usaha aende kituo cha afya kwanza, aache kunyoa mpaka apone. Lakini mimi niliyebeba vipele kwa miaka, nilipoanza kutumia mashini ya baba, shingo ilitulia ndani ya majuma machache.

Wembe moja, mutu moja

Sababu ya tatu ni nzito kuliko zote, na niliijua siku ya kilio.

Katika familia nyingi za kwetu, matanga yakimalizika ndugu hunyolewa. Ni desturi ya heshima na hakuna anayetaka kuiacha. Lakini mara nyingi wembe mmoja hupita kichwa hadi kichwa, kuanzia mkubwa hadi mtoto. Siku ile shangazi alisimama uani na pakiti ya nyembe mkononi, akamwambia aliyekuwa akinyoa: "Wembe moja, mutu moja. Ukimaliza mutu, unatupa." Wengine walinung'unika kwamba tunapoteza nyembe. Hakusogea.

Alikuwa na haki. Virusi vya ini vya aina B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu kidogo usiyoiona kwa macho. Kuna pia virusi vya ini vya aina C na vya UKIMWI. Kupangusa wembe kwa kitambaa au kuuchovya kwenye maji si kuusafisha. Kwa kinyozi ni vilevile. Una haki ya kudai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako, na ile mashini ya umeme, tondeuse, isafishwe kwa dawa kabla ya kukugusa. Mwenye mashini yake nyumbani hahitaji kubishana na mtu, na umeme ukikatika bado ananyolewa.

Lakini kanuni ya shangazi inafika hata nyumbani. Mashini inaweza kurithiwa. Wembe haurithiwi, hauazimwi, hata kati ya baba na mtoto, hata kati ya mume na mke.

Kuisafisha na kuitumia

Ukipata mashini ya mzee, au ukiikuta sokoni kati ya misumari na kufuli za zamani, angalia mambo machache. Kishikio kisiwe kimepasuka. Ukifunga wembe, makali yaonekane sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitoka zaidi, sahani imepinda na itakukata. Kutu ya kijani si kifo, inatoka. Chuma kilicholiwa hadi mashimo, kiache.

Ifungue yote, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uisugue kwa mswaki wa zamani, kisha uiloweshe kwenye alkoli. Usiilaze kwenye maji ya javel, maana yanakula nikeli na laiton. Na usichanganye kamwe javel na siki au ndimu: gesi inayotoka hapo inaua mapafu.

Kwa kunyoa, ndevu zilowe kwanza kwa maji ya moto dakika mbili au tatu. Paka sabuni yenye povu zito. Weka mashini kwenye ngozi kwa mshazari, karibu digrii 30, na uiache ikate kwa uzito wake wenyewe. Kosa la wengi ni kukandamiza, kwa sababu mashini za plastiki ni nyepesi na zimetuzoesha kusukuma. Fuata upande ndevu zinakoelekea, vipande vifupi, suuza wembe kila mara. Usirudi kinyume cha ndevu kama una vipele. Malizia kwa maji baridi, na ukijikata kidogo, jiwe la shabu linakausha damu.

Wembe uliokwisha usiutupe jalalani ukiwa wazi. Kuna watoto wanaopekua pale. Chukua kopo la maziwa, toboa mfereji mwembamba juu, utumbukize nyembe humo. Kopo likijaa, lifunge kwa kuligonga kwa nyundo, na halitamkata mtu.

Wanaozikusanya

Katika Ulaya na Marekani kuna watu wanaozikusanya mashini hizi kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanazisoma kama vitabu. Ile ya vipande vitatu iitwayo Tech ilianza mwaka 1938. Ile ambayo ukizungusha kishikio juu hufunguka kama milango miwili, ya jina Super Speed, ni ya mwaka 1947. Kuna nyingine yenye namba 1 hadi 9 shingoni, ya kuongeza au kupunguza ukali, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Gillette nyingi zilizotengenezwa Marekani baada ya mwaka 1950 zina herufi na namba chini ya kichwa: herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea hivyo. Ukikuta E 3, umeshika kitu cha robo ya tatu ya mwaka 1959, kabla ya uhuru wetu.

Sikusemi ili ukimbilie biashara. Mashini za kawaida zilitengenezwa kwa mamilioni na hazitajengea mtu nyumba. Nasema ili kabla ya kuuza chuma cha mzee kwa kilo, uvae miwani na usome kilichoandikwa. Hata kadi ya kazi, picha ya kambini na sahani ya posho vina maandishi yake.

Mdogo wangu alipeleka robinet ku mitraille, akalipwa, tukanunua sukari. Mashini ilibaki. Jumapili iliyopita alikuja kwangu asubuhi kabla ya misa, shingo imejaa vipele, akauliza kama naweza kumwazima. Nilimfundisha kuifungua na kuisafisha, kisha nikampa pakiti ya nyembe zake mwenyewe, ikiwa bado imefungwa.

"Wembe moja," nikaanza.

"Mutu moja," akamalizia. "Hata mimi nilikuwa uani siku ile."