Kutafuta faili: kabla hujalipia programu

Mteja kasimama kaunta, anataka CV uliyomchapia mwaka jana, nawe unafungua folda moja baada ya nyingine. Ndipo tangazo la programu ya kutafuta faili, ya kulipia kila mwaka kwa dola, linapokuvutia. Subiri kwanza.

Windows ina kitafutaji chake, na hakina malipo ya ziada. Hupekua faili kimyakimya na kujenga faharasa ya majina na maneno yaliyomo. Ila kwa kawaida hupekua folda chache tu: hati, picha, muziki na eneokazi. Kazi zako zikiwa diski D, faharasa haizijui. Fungua mipangilio ya utafutaji, uongeze folda ya kazi. Hiyo tu, si kompyuta nzima.

Bure hiyo nayo ina gharama. Nafasi si tatizo: Microsoft inasema faharasa huchukua chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa faili zilizopekuliwa. Mzigo uko kwenye diski za zamani za kuzunguka. Faharasa ikijengwa mara ya kwanza, mashine huwa nzito na betri huisha upesi. Iache usiku ikiwa kwenye umeme.

Kama unakumbuka jina la faili, zipo programu za bure zinazoorodhesha majina ya faili za diski nzima. Watengenezaji wa moja maarufu wanasema faili milioni 1 hutumia takriban megabaiti 75 za RAM. Kompyuta ya RAM 4GB inamudu. Lakini ukiwa umeziita faili zote “CV mpya 2”, usitarajie muujiza.

Za kulipia zinamfaa wakili mwenye barua pepe za miaka mingi, si steshenari. Angalia kama leseni ni ya mashine moja, na kama kadi itakatwa tena mwakani bila kuulizwa. Kumbuka pia kwamba hati zilizoskaniwa ni picha. Bila kipengele cha kusoma maandishi ya picha, maneno yake hayatapatikana.

Una hela ya kitu kimoja? Nunua SSD. Itaharakisha utafutaji na mambo mengine mengi. Muulize fundi bei ya kuhamisha Windows na faili, maana wengi hutaja ya SSD peke yake, kisha udai dhamana ya maandishi. Kabla hujamwachia mashine, nakili kazi za wateja kwenye flashi, ubaki nayo.