Daktari wa Tiba ya Jumla na Nafasi Yake Katika Chuo Kikuu

Linapotajwa jina la chuo kikuu cha tiba, watu wengi hufikiria hospitali kubwa yenye madaktari bingwa, kila mmoja akishughulikia kiungo chake: huyu moyo, yule macho, mwingine mifupa. Katika mji wa Moshi picha hiyo iko mbele ya macho yetu. Hospitali ya Rufaa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1997 chuo kikuu kishiriki cha tiba kikaanzishwa hapo hapo. Hata hivyo, mgonjwa wa Rombo, Marangu, Kibosho au Machame kwa kawaida haanzii safari yake KCMC. Huanza nyumbani kwake, akaenda duka la dawa, kisha zahanati au kituo cha afya, na baadaye hospitali ya wilaya au ya misheni. Huko ndiko anakokutana na tabibu au daktari wa jumla, yaani yule anayempokea kila mtu, mtoto na mzee, mwenye kikohozi na mwenye jeraha la panga.

Makala haya yana shabaha ya kueleza kwa nini daktari huyo naye anahitaji nafasi ya mafunzo ya kitaaluma katika chuo kikuu, na jinsi nafasi ya namna hiyo inavyofanya kazi.

Watu elfu moja na mgonjwa mmoja

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani aitwaye Kerr White, pamoja na wenzake, walitoa hesabu ambayo imekuwa maarufu sana katika elimu ya afya. Walitumia takwimu za Marekani na Uingereza, wakauliza: katika watu wazima 1,000, ni nini huwapata kwa muda wa mwezi mmoja? Jibu lao lilikuwa hili. Watu 750 hivi hupatwa na maradhi au maumivu ya aina fulani. Kati yao 250 humwona daktari. Watu 9 hulazwa hospitalini, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na mmoja tu hufikishwa katika hospitali ya chuo kikuu.

Hesabu za nchi yetu bila shaka zingekuwa tofauti, lakini umbo lake ni lile lile: pana chini na jembamba sana juu, kama mlima wenyewe. Sasa tazama matokeo yake. Mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwa kumtazama yule mgonjwa mmoja aliyefika kileleni. Utafiti mwingi nao hufanywa juu ya huyo huyo mmoja. Kisha mwanafunzi huhitimu, akapelekwa kuwahudumia wale 250 waliobaki mteremkoni.

Dalili moja, maana mbili

Huenda msomaji akauliza: je, ugonjwa si ugonjwa tu, uwe zahanati au hospitali ya rufaa? Hapa hatuna budi kutumia hesabu kidogo, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100 wa kweli, na kinachowakosea wazima 10 katika kila wazima 100, yaani kinawaita wagonjwa ilhali si wagonjwa. Tukitumie kwanza katika hospitali ya rufaa, ambako watu wameshachujwa. Katika watu 1,000 wanaopimwa, 500 wana ugonjwa kweli. Kipimo kitawaonyesha 450 kwa usahihi, na kwa makosa kitawaonyesha 50 katika wale 500 wazima. Kwa hiyo, katika watu 500 walioambiwa wana ugonjwa, 450 wanao. Daktari ana haki ya kukiamini kipimo chake.

Sasa tukipeleke kipimo hicho hicho zahanati ya kijijini, ambako katika watu 1,000 ni 10 tu wenye ugonjwa. Kipimo kitawaonyesha 9 kati ya hao 10. Lakini katika wazima 990, asilimia 10, yaani watu 99, wataambiwa ni wagonjwa. Jumla ya walioambiwa wana ugonjwa ni 108, na wenye ugonjwa wa kweli ni 9. Kipimo hakikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Na kama kipimo cha maabara hubadilika maana hivyo, basi hata homa, maumivu ya kichwa au uchovu hubadilika maana vile vile. Hivyo, ujuzi uliopatikana kileleni hauwezi kuteremshwa hadi zahanati bila kupimwa upya huko huko.

Homa za Moshi

Jambo hili si la vitabuni tu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa ajili ya homa katika hospitali mbili za Moshi, yaani KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Madaktari walikuwa wameandika kwamba wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa na malaria. Maabara ilipochunguza kwa makini, malaria ilikuwa ndiyo sababu ya homa kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6.

Je, wengine waliugua nini? Baadhi walikuwa na vijidudu vya bakteria katika damu. Zaidi ya robo ya wale waliopimwa kwa ajili ya bakteria watokao kwa wanyama walikutwa nao: homa ya mgunda, homa ya Q, brusela, na homa zinazoenezwa na kupe. Wengine walikuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi ambao jina lake lilitokana na lugha ya Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa nchi yetu. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja katika hao wa magonjwa ya wanyama au wa chikungunya ambaye daktari aliyempokea alikuwa ameutaja ugonjwa huo miongoni mwa aliyoyadhania.

Tusiwalaumu madaktari hao. Walifundishwa kwamba homa katika Afrika ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na katika sehemu nyingi fundisho hilo liliokoa maisha. Lakini malaria hutegemea mbu, na mbu hutegemea joto na maji. Mtu akipanda kutoka mashamba ya miwa ya Arusha Chini hadi kwenye vihamba vya migomba vilivyo juu ya mita 1,500, baridi huongezeka na malaria hupungua. Wakati huo huo, katika vihamba hivyo ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini karibu na nyumba, na mtu huwakatia majani, huwakamua na huwazalisha kwa mikono yake. Daktari anayekaa Rombo miaka mitano anaweza kuona mambo hayo. Anachokosa ni muda, mbinu za utafiti na mtu wa kumwongoza ili aligeuze jicho lake kuwa elimu.

Nafasi ya mafunzo ya kitaaluma ni nini?

Nchini Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa mafunzo kazini. Anayetaka ubingwa huongeza miaka 3 au zaidi. Nafasi ya mafunzo ya kitaaluma huongeza kitu kingine: daktari anaendelea kutibu, lakini sehemu ya muda wake inalindwa kwa ajili ya utafiti na ufundishaji. Katika Uingereza, baada ya taarifa iliyotolewa mwaka 2005, ziliundwa nafasi ambazo mwenye nazo hutumia robo tatu ya muda wake katika tiba na robo moja katika kazi za kitaaluma. Madaktari wa tiba ya jumla nao walipewa nafasi hizo.

Ili nafasi hiyo iwe na maana, mambo manne yanahitajika. Kwanza, muda uliolindwa kwa maandishi, kwani muda usiolindwa humezwa na foleni ya wagonjwa. Pili, msimamizi chuoni anayejua takwimu na kanuni za utafiti. Tatu, kibali cha maadili, ambacho hapa nchini huhusu pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Nne, swali linalotoka kwa wagonjwa wenyewe. Bila la nne, daktari huyo atakuwa mkusanyaji tu wa damu kwa ajili ya maswali ya watu wengine.

Mifano ya kwingineko

Wazo hili lina historia. James Mackenzie alikuwa daktari wa jumla katika mji wa viwanda wa Burnley, Uingereza, kuanzia mwaka 1879 hadi 1907. Alibuni chombo cha kuchora mapigo ya mishipa, akawafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi. Kwa njia hiyo aligundua kwamba baadhi ya mapigo yasiyo ya kawaida, yaliyowatisha sana madaktari, hayakuwa na hatari yoyote. Bingwa wa hospitali asingeweza kuligundua jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu alimwona mgonjwa mara moja mbili tu, kisha akaachana naye.

Hata hivyo, vyuo vilichelewa kuitambua taaluma hii. Kiti cha kwanza cha profesa wa tiba ya jumla duniani kilianzishwa Edinburgh mwaka 1963, akakikalia Richard Scott. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mafunzo ya uzamili katika fani hii mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kimefundisha tiba ya familia. Huko Moshi kwenyewe, kuanzia mwaka 2010, chuo cha KCMC kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilipata msaada wa kuimarisha mafunzo ya madaktari na utafiti. Msingi, basi, upo.

Je, tunaimudu gharama?

Pingamizi kubwa linajulikana. Madaktari ni wachache. Tutamwondoaje mmoja katika chumba cha wagonjwa hata kwa robo ya wiki? Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini tuzirudie zile homa 870. Mamia ya wagonjwa waliandikiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Dawa ya malaria haiui bakteria wa homa ya mgunda. Gharama ya kutojua ilikwisha kulipwa, na waliyoilipa ni wagonjwa. Daktari anayetumia siku moja na robo kati ya siku tano za kazi kutafuta ukweli wa wilaya yake anawarudishia wagonjwa wake siku hiyo, tena kwa faida.

Walimu wa hisabati na baiolojia wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: katika ule mfano wa kipimo, wagonjwa wa kweli wawe 100 katika watu 1,000. Wanafunzi wataona kwamba wanaoambiwa wana ugonjwa ni 180, na nusu yao tu ndio wanao. Kisha wajiulize ni nani, katika kata yao, anayejua kama idadi ya kweli ni 10, 100 au 500. Mtu huyo akikosekana, kila kipimo kinachosomwa katika kata hiyo kinasomwa kwa kubahatisha.