JUMBA KUBWA LAJA MTAANI: TUULIZE NINI?

Ukipita Kilimani au Kileleshwa hapa Nairobi, utaona maajabu. Pale palipokuwa na nyumba moja ya chini yenye bustani, sasa pana jumba la ghorofa kumi na kitu. Kule Pipeline na Huruma, majumba yamebanana hata jirani aweza kukuomba chumvi dirishani.

Mtaani kwetu nako, ploti moja imeuzwa na mabati yameshazungushwa. Inasemekana zitajengwa fuleti 60. Tangu hapo kila mtu ana neno. "Jua la kuanika nguo litatoka wapi?" auliza mama jirani. "Na hao wapangaji ni watu wa aina gani?" auliza mwingine.

Swali hili la pili mimi naona tuliache. Nairobi ina uhaba mkubwa wa nyumba, na wengi wetu ni wapangaji vilevile. Lakini yapo maswali matatu ambayo si wivu wala umbea.

Kwanza, maji taka. Bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba moja moja lina kipimo chake. Familia ya watu 5 ikitoka na fuleti 60 zikaingia, hao ni kama watu 300 kwenye bomba lile lile. Likishindwa, uchafu haupandi ghorofani, ng'o! Hufurika uani kwa jirani wa chini.

Pili, maji safi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, nayo hugawiwa kwa zamu. Jumba lenye pampu na matangi makubwa likivuta siku ya zamu, mfereji wa jirani hutoa upepo mtupu. Ati litachimba kisima chake? Hata maji ya chini ya ardhi Nairobi yamekuwa yakishuka kwa sababu ya visima vingi.

Tatu, usalama. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha, jumba la Huruma lililokuwa kando ya mto liliporomoka. Watu wapatao 50 walikufa. La kusikitisha ni kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama libomolewe, na bado watu walikuwa wakilala mle ndani na kulipa kodi.

Je, mwananchi afanye nini? Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yamtaka anayeomba kibali cha kujenga autangazie umma, ili mwenye pingamizi alipeleke kwa serikali ya kaunti. Mradi mkubwa huchunguzwa pia athari zake kwa mazingira kabla ya NEMA kutoa leseni. Asiyeridhika na leseni hiyo ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya baraza la rufaa za mazingira. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Basi tusingoje mpaka mjengo ufike ghorofa ya tano ndipo tuanze kupiga kelele. Tusome ubao uliowekwa kwenye ploti: mwenye mradi ni nani, mhandisi ni nani, kibali ni nambari gani? Kisha tuandike barua moja, tutie sahihi wote, wenye nyumba na wapangaji. Barua isiseme "hatutaki" tu. Iulize: bomba la maji taka litapanuliwa na nani? Magari yataegeshwa wapi? Gari la zimamoto litapita wapi?

Mwenye mradi akiwa na majibu mazuri, karibu ajenge, nasi tutapata majirani. Asipokuwa nayo, afadhali ijulikane sasa kabla msingi haujachimbwa. Samaki mkunje angali mbichi.