Gari linalozima njiani: Tiba huanza kwa maswali, si kwa vipuri

GARI linalozima katikati ya safari, kisha likawaka tena baada ya dakika chache, humpa fundi kazi ngumu kuliko gari lililokufa kabisa. Likifikishwa gereji linaunguruma vizuri na ugonjwa hauonekani. Hapo ndipo wamiliki wengi huanza kununua vipuri kwa kubahatisha: leo plagi, kesho betri, keshokutwa pampu. Fedha zinakwisha, tatizo linabaki palepale.

Kwa watumiaji wa barabara ya Peramiho, takriban kilomita 24 magharibi ya Songea mkoani Ruvuma, jambo hili ni zaidi ya usumbufu. Barabara ya lami itokayo hapo kwenda Mbinga hupanda na kushuka milima ya Umatengo, na magari yapitayo humo hubeba pia wagonjwa wanaowahishwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya Wamisionari Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898.

Injini inapozima, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada unaotokana na mvuto wa hewa wa injini. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kujizungusha na kuzima injini gari likiwa mwendoni. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Swali la kwanza ni jinsi gari lilivyozima. Likizima ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, mashaka huelekezwa kwenye umeme: vichwa vya betri vilivyolegea, swichi ya ufunguo, rilei, au sensa ya krenki, ambayo huijulisha kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Sensa hiyo ikichakaa hushindwa kazi inapopata joto, kisha hupona ikipoa. Ndiyo maana gari huwaka tena baada ya dereva kupumzika kivulini.

Likitapatapa na kupoteza nguvu kabla ya kuzima, hasa kwenye mwinuko, mashaka huhamia kwenye mafuta: chujio lililoziba, pampu iliyochoka, au tundu la hewa la tangi lililozibika. Mfuniko wa tangi ukifunguliwa na hewa ikaingia kwa mlio mkali, kisha gari likawaka, chanzo kimekaribia kujulikana.

Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Dereva anayezoea kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka huichosha pampu kabla ya wakati wake. Kasoro za kiwandani nazo zipo: mwaka 2020 Toyota iliyaita magari zaidi ya milioni 5 duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta ambayo ingeweza kusababisha injini kuzima.

Gari linalozima wakati wa kupunguza mwendo au kusimama huwa na sababu nyingine, kama uchafu kwenye mlango wa hewa wa injini au mpira wa hewa uliopasuka. Likizima baada ya mvua au kuoshwa, nyaya za plagi na koili ndizo za kukaguliwa kwanza.

Dereva anaweza kupata ushahidi papo hapo, baada ya kuegesha mahali salama. Afungue ufunguo bila kupiga stata: taa za dashibodi zisipowaka, umeme umekatika. Katika magari mengi pampu husikika ikivuma kwa sekunde chache. Ikiwa kimya, ikaguliwe pamoja na rilei na fyuzi yake. Apige stata akitazama mshale wa mizunguko ya injini: ukilala kwenye sifuri ilhali injini inazunguka, mara nyingi sensa ya krenki haitoi taarifa.

Kipimo cha kompyuta husaidia, na alama P0335 huelekeza kwenye mfumo wa sensa hiyo. Lakini alama si hukumu. Waya uliochubuka huweza kuleta alama ileile, hivyo waya upimwe kabla ya kununua sensa. Tatizo linalotokea mlimani nalo lipimwe mlimani, likiwa na joto la safari, si kwenye uwanja tambarare wa gereji.

Mpaka chanzo kijulikane, gari hilo lisibebe abiria wala mgonjwa. Likizima kwenye mteremko, dereva akanyage breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, kwani kila mkanyago hupunguza msaada uliobaki. Aushike usukani kwa mikono miwili, awashe taa za tahadhari na kutoka kando upande wa kushoto. Ufunguo usichomolewe kabla gari halijasimama, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga.